Sala Tano Hadi Toronto

Kabla hajavua viatu, kabla hajawapa mkono wafiwa, Mwosha alikuwa na swali lake moja, na aliliuliza pale pale mlangoni: "Aliye mbali yuwapi?"

Hakuuliza kama yupo aliye mbali. Nyumba za Likoni zimekuwa hivyo siku hizi, kila moja ina mtoto wake aliyekwenda kutafuta na akabaki huko huko alikotafutia. Wafiwa humtajia mji: Dubai, Jeddah, London. Midomo humcheza, kisha hutoa hukumu. "Huyo atawahi." Au: "Huyo msimngoje." Hapo wanawake huangua kilio upya, na wanaume waliokaa barazani, wakishasikia neno limetoka kwa Mwosha, hutuma watu mavani wakachimbe.

Nimesimama nyuma yake mara nyingi akitoa hukumu hiyo, nimembebea mfuko wake wa kafuri na pamba, na kwa miaka nilimhesabu kuwa mwanamke mwenye moyo mgumu. Nilimkosea. Nimemkosea kwa mengi, na hilo ndilo dogo kabisa.

Alikuwa mwosha wa maiti za kike, Timbwani na mitaa ya jirani, na mara nyingine walimvusha hata ng'ambo ya pili. Jina alikuwa nalo, lakini wakubwa kwa wadogo walimwita Mwosha, naye aliitika "Abee" bila kinyongo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yangu na yake ziligawana ukuta mmoja kwa miaka kumi na saba, na muda wote huo aliniita Mwalimu, hata aliponikuta jikoni na unga mpaka viwikoni.

Kwetu maiti halazwi. Mtu akifa alfajiri, basi adhuhuri au alasiri yuko chini, na kumkawiza ni kumwonea. Lakini mtoto aliye ughaibuni naye ana lake analolitaka: autazame uso wa mamake mara moja kabla sanda haijafungwa. Baina ya haya mawili pana ndege, na kwa habari za ndege Likoni nzima hapakuwa na wa kumshinda mama huyu, ambaye mwenyewe hakupata kupanda hata moja.

Hakuhesabu kwa kilomita wala kwa saa. Alihesabu kwa sala. Nairobi, alisema, ni baina ya adhana na ikama. Jeddah ni sala moja na ziada kidogo. Dubai ni sala mbili, London ni tatu. Toronto, alikokuwa bintiye Rukia, ni sala tano, nne za safari na moja ya kungojea katikati. Na juu ya hesabu yoyote uongeze nusu sala ya kutoka uwanja wa ndege kule Changamwe mpaka Likoni. "Feri haina ratiba," alikuwa akisema, "ina tabia tu."

Elimu hiyo aliipata kwa kosa. Zamani, akiwa bado mgeni wa kazi, aliwaambia watu fulani wamngoje kijana wao wa London, akidhani London ni kama Lamu ukipata gari zuri. Wakangoja siku mbili, mwezi wa joto kali, na kijana asifike. Yaliyotokea siku ile hakunisimulia yote, na mimi sikumchokoa. Baada ya hapo, kila aliyerudi kutoka ng'ambo alikalishwa kitako mkekani na kupewa kahawa. Ulisali sala gani ukiondoka? Ipi ulipofika? Ngapi ulizisali ukiwa umekaa kitini? Kijana mmoja alijaribu kumweleza kwamba ukisafiri kuelekea magharibi sala zinachanganyikiwa, jua halitaki kuzama. Mwosha akamkatiza: "Ukienda magharibi jua hukungoja, ukienda mashariki hukukimbia. Najua. Wewe niambie ulisali ngapi, kama ulisali." Kijana akainamisha kichwa, na sote tukajua jibu.

Siku moja niliamua kumfundisha. Nilileta tufe la shuleni, lile la plastiki ambalo Bahari ya Hindi yake imechujuka kwa vidole vya watoto, na uzi wa kushonea. Nikabana ncha moja ya uzi juu ya Mombasa, nikauvuta mpaka Toronto, nikaupima kwa rula. Kilomita elfu kumi na mbili na mia sita hivi, nikamwambia, nayo ndege ikipaa moja kwa moja bila kutua itachukua kama saa kumi na tano. Uzi ulikuwa umepita juu ya jangwa la Sahara, ukaambaa chini ya Uhispania, ukaikata Atlantiki. Akasogeza miwani, akautazama muda mrefu.

"Rukia hakupita huko," akasema. "Rukia alipita Arabuni."

"Hakuna ndege ya moja kwa moja, mama. Huu ni umbali wenyewe tu, mkato."

"Basi uzi huo ni wa malaika, Mwalimu. Watu wana safari yao."

Nilicheka mpaka machozi. Lakini usiku wa siku hiyo, kwa jinsi kuta zetu zilivyokuwa nyembamba, nilimsikia akimweleza bintiye kwa simu kwamba Mwalimu amempima kwa uzi na wala si mbali hivyo, ni shubiri moja na nusu.

Alikuwa na miko yake. Simu haikuingia chumba cha kuoshea, iwe yake au ya mwingine. Hakutia manukato mwilini. Sukari aliifungia kabatini na ufunguo akaufunga pembeni mwa leso, na chai yake ilikuwa maji ya moto yenye nia njema. Hakupenda mtu alie kwa maneno mengi. Kulia alikuruhusu, hotuba alizikataza. Ndege zilipokuwa zikishuka kuelekea Changamwe zilipita karibu na anga letu, naye akiwa anaanika nguo aliinua kidevu na kuuliza, "Yumo wa nani leo?" Aliuliza hivyo hata akiwa na kibanio cha nguo mdomoni.

Ama ule ukali wake wa "msimngoje", huo ulikuwa na siri, na siri hiyo niliigundua Mkomani, ng'ambo ya pili. Tuliitwa nyumba ya wafanyabiashara wa zamani, watu wa ukoo mkubwa na mapazia mazito. Bibi wa nyumba amefariki alfajiri. Mwanawe wa kiume yuko Dubai na ameshapanda ndege. Mwosha akapiga hesabu yake mlangoni, akatamka mbele ya wote kwamba hatawahi, na kwamba bibi atazikwa alasiri. Tukaingia chumbani. Hapo nikaona mambo. Maji yaliletwa, akasema hayajapata moto. Yakarudishwa jikoni, yakaja, akasema sasa yamezidi. Majani ya mkunazi akataka yasagwe upya. Mwisho akatoa kichwa nje ya pazia akasema kafuri imemwishia, mtu akanunue, na isiwe ya duka la karibu, ile si nzuri. Mimi mfuko nilikuwa nimeukumbatia, na kafuri ilikuwamo, paketi mbili nzima. Nikafungua mdomo. Akanitazama, nikaufunga.

Wazee nje wakaanza kuguna. "Mwosha, vipi huko? Jua lapita!"

"Subirini, maiti si samaki wa kuparwa," akawajibu.

Yule mwana aliingia na begi lake begani, kibandiko cha ndege kikining'inia, sanda ikiwa imebaki kufungwa upande wa uso tu. Akapiga magoti. Mwosha akampa muda wake, kisha akamkaripia kwamba amechelewa na amewaudhi watu. Njiani nilipomuuliza, alisema maji ya Mkomani hayapati moto upesi, yana chumvi.

Basi huyo ndiye niliyemwita mwenye moyo mgumu.

Alikuwa na shoga yake wa Utange, mama wa Kigiriama, Mkristo, aliyemletea majani ya mkunazi kila baada ya wiki mbili. Kutaniana kwao kulikuwa starehe ya mtaa. Mwaka mmoja mama huyo alifiwa na mumewe, na maiti akakaa mochari wiki mbili nzima akimngojea binti aliyeko Ujerumani. Mwosha alikwenda kwenye mazishi na akarudi akitikisa kichwa.

"Wiki mbili! Nyinyi mwamweka mtu kwenye baridi kama kuku."

"Na ninyi mnazika kama mnaofukuzwa," shoga yake akajibu. "Mtoto wangu alimwona babake. Wako atakuona?"

Mwosha alicheka, akampiga kofi la begani. Lakini siku hiyo shoga yake alipoaga hakumsindikiza hadi barabarani kama alivyozoea.

Rukia alikuwa mtoto wake wa pekee aliyeishi. Alimlea kwa kazi hiyo hiyo ya maji na sanda, na watoto wenzake walipomcheka kwamba mikono ya mamake inanuka maiti, Rukia aliwapiga. Katika mapigano hayo ndipo alipoanguka kutoka ukuta wa madrasa akavunjika mkono wa kushoto. Ulipona vibaya, kiwiko hakikunyooka tena mpaka mwisho. Alipoolewa na kijana wa Kisauni aliyekuwa akifanya kazi Toronto, siku ya harusi yao mamake alimfunika mkono huo kwa ncha ya shela, si kwa aibu, ila watu wasije wakamvuta wakimsalimia.

Alikaa huko miaka kumi na moja, akaja nyumbani mara moja tu. Kila mwaka alimwita mamake aende akamtembelee. Mwosha alishatengenezewa pasipoti, na picha yake humo ametoa macho kama aliyeshtuliwa. Lakini kila walipokaribia kupanga siku, Likoni kulikufa mtu. "Nikienda, nani atawaosha hawa?" alikuwa akisema. Mimi nilimwambia waoshaji wapo wengine. Alijibu kwamba wapo, ndiyo, lakini wana haraka. Safari ikasogezwa baada ya Ramadhani, kisha baada ya mvua, kisha mwaka ujao.

Simu ilikuja siku ya Jumanne baada ya magharibi. Ilikuja kwangu, kwa sababu simu yake Mwosha ilikuwa imekwisha chaji na mkwewe alikuwa na namba yangu. Rukia alikuwa ameumwa kichwa siku mbili, wakampeleka hospitali, na hakutoka. Sijui nilivukaje kile kiambaza. Nilimkuta anakunja nguo, nikaweka spika, nikamshika mkono, na mkwewe akamwambia mwenyewe.

Aliendelea kuikunja ile nguo mpaka ikawa ndogo kama kitabu. Yule kijana upande wa pili alikuwa analia, na katikati ya kulia akauliza swali lililobidi aulize.

"Mama, tungoje uje? Ama tumlete? Wanasema kumleta ni siku nyingi, kuna karatasi."

Nilimtazama. Pasipoti alikuwa nayo, ruhusa ya kuingia nchi ile hakuwa nayo, na hiyo haipatikani kwa siku wala kwa wiki. Midomo ilimcheza kama inavyocheza siku zote. Alikuwa anahesabu. Nilitamani ahesabu vibaya, mara moja tu katika maisha yake, nami ningemuunga mkono kwa kiapo.

"Msiningoje," akasema. "Mzikeni."

Kisha akaomba jambo moja. Alitaka awepo wakati wanamwosha, kwa simu. Wanawake watakaomwosha ni wageni, hawamjui, na lipo neno la kuwaambia. Kijana akauliza ni neno gani, ampe yeye awafikishie. Mwosha akakataa. Ya mwili wa mwanamke huambiwa mwanamke, alisema, hata wewe ukiwa mumewe. Tulipokata simu ndipo aliponiambia mimi: ni ule mkono. Maiti akishakauka, mwosha asiyejua atadhani umekazana tu, ataukunja na kuunyoosha kwa nguvu ulale sawa na mwingine. "Wauache vile vile ulivyo," akasema. "Wasiulazimishe." Ni hilo tu alilolitaka duniani, na nilimwapia kwamba atalipata. Nilisema wallahi.

Alfajiri ya Jumatano simu ikaja tena, kwangu. Mwosha alikuwa anasali. Nikatoka nayo uani. Mkwewe alisema wamepewa chumba cha kuoshea pale msikitini kwao, Jumatano hiyo hiyo, saa tisa, na kwamba watapiga kidogo kabla.

Saa tisa. Nikashukuru, nikakata. Wakati ule wa mwaka wako nyuma yetu kwa saa saba. Saa tisa ya usiku hakuna aoshaye maiti, kwa hiyo ni saa tisa mchana. Ongeza saba, ni saa nne usiku kwetu. Nilihesabu kwa vidole, mara mbili, mimi mwalimu wa watu. Haikunijia kabisa kwamba kijana amekaa huko miaka kumi na minne, na kwamba saa ya mkononi mwake imeshamgeuza ulimi. Yeye aliiona tisa kwenye saa na akaisema tisa. Ilikuwa saa tatu asubuhi kwao. Kwetu ni saa kumi ya alasiri.

Mwosha alipomaliza sala aliniuliza kwa mtindo wake: "Baada ya sala gani?"

"Baada ya isha, mama. Saa nne usiku."

Laiti yule kijana ningemuuliza mimi swali hilo hilo! Angesema ni asubuhi, kabla ya adhuhuri, na yote yangekaa mahali pake. Mwanamke asiyejua kusoma saa alikuwa na kipimo kisichokosea, nami nikamtia kwenye changu.

Adhuhuri ilipita, nyumba imejaa wanaokuja kutoa pole, na hapo akatokea mtu anabisha akiwa amejiinamia. Nyumba ya tatu kutoka msikitini, mwanamke amefariki wakati wa kujifungua. Hawakuja kumwita, alisema, wamekuja kuuliza tu ni nani mwingine waende kwake. Nilisimama niwatajie. Mwosha akawa ameshajifunga leso.

"Nina nafasi mpaka isha," akasema. "Mwalimu, nipe mfuko wangu. Simu yangu baki nayo, uitie chaji ijae, isije ikanizimikia."

Niliitia chaji chumbani kwangu, na yangu nikaiweka kando yake. Nikawaza nina muda. Nikaenda shuleni kuwasimamia watoto mtihani, na simu shuleni kwetu huwa hatuingii nazo siku ya mtihani. Nilirudi saa kumi na moja. Simu yake ilikuwa imeitwa mara sita na yangu mara nne.

Sikuthubutu kupiga. Nilikaa kitandani nikizitazama hizo simu mbili mpaka niliposikia viatu vyake mlangoni. Alikuwa amepitia dukani akanunua ubani, ameufunga kwenye karatasi, auchome chumbani kwake wakati bintiye anaoshwa. Uso wake ulikuwa umechoka lakini una shughuli, uso wa mtu ambaye bado ana kazi ya kufanya.

"Bado sala mbili," akasema. "Nitaoga kwanza."

Ilinibidi nimwonyeshe. Palikuwa na ujumbe wa sauti, tukausikiliza pamoja tumesimama. Mkwewe alisema wamepiga na kupiga. Wanawake walikuwa tayari, chumba kina familia nyingine inayokingojea, wakasema hawawezi kungoja zaidi. Wamemaliza. Wamemwosha vizuri, alisema, mama usiwe na wasiwasi, sasa wanakwenda kumsalia.

Akaketi chini, papo hapo sakafuni. Ubani akauweka mapajani.

"Waulize kuhusu mkono," akasema.

Niliuliza. Ilichukua siku tatu kupata jibu, na jibu lilikuwa kwamba wale kina mama wanaosha wengi, hawakumbuki mkono wowote. Na mimi, katika siku zote hizo tatu, watu walipokuwa wakisema kwamba huko ughaibuni wameharakisha, wamebadilisha saa bila kuwaambia watu, nilinyamaza. Mwosha alisikia wakisema hivyo na hakuchangia. Nilimwachia mkwewe lawama yangu aibebe, yeye aliyefiwa na mke.

Mwosha alirudi kazini baada ya wiki tatu. Ila lile swali la mlangoni hakuliuliza tena. Watu wakimtajia miji aliwaambia wakamuulize mwenye simu, naye akapita moja kwa moja chumbani. Mimi mfuko sikumbebea tena. Kila mara nilipata udhuru. Mwisho nikaomba uhamisho, nikapewa shule Kisauni, nikapanga nyumba Utange. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya cheo. Cheo chenyewe hakikuwapo.

Nilikaa karibu mwaka kabla ya kurudi Timbwani kumwona, na nilikwenda nikiwa nimedhamiria. Nilimkuta uani na sinia la mihogo, anamenya kwa futari ya sunna yake ya Jumatatu. Amekonda. Nikamwamkia, akaniitikia, akanisogezea kigoda, akauliza habari za Kisauni. Nilimjibu mawili matatu, halafu yote yakanitoka kwa pamoja. Nikamwambia kwamba mkwewe alisema saa tisa, na kwamba ilikuwa tatu yetu, na kwamba aliyekosa kuhesabu ni mimi, si wale. Nikamwambia nilijua siku ile ile nikanyamaza. Nililia kwa maneno mengi, vile asivyopenda.

Hakuacha kumenya.

"Najua," akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu hapo hapo. Yule kijana tangu aende huko husema saa za kizungu, mbona! Nilipokusikia wahesabu, nilijua wakosea."

"Sasa mbona ulikwenda?"

"Ningekaa nisikize nini?" Akageuza muhogo, akauchana upande wa pili. "Nimewaosha watu miaka arubaini, Mwalimu. Naijua ile sauti ya maji. Sikutaka kuisikia juu ya mwanangu. Nikatafuta pa kwenda, Mungu akaniletea pa kwenda."

"Na mkono?"

"Mkono nilikuwa nimeshamwambia mkwe wangu mwenyewe, tangu asubuhi. Akawaambia. Hawakuulazimisha."

Simu zile zote nilizishika mimi. Ya Jumanne nilimshikia mbele ya mdomo wake, ya Jumatano niliipokea peke yangu uani yeye akiwa kwenye msala. Hapakuwa na nyingine kabla ya kuoshwa. Hakumwambia mtu mwingine neno lolote kuhusu mkono ule, na asubuhi yenyewe aliniuliza mimi ni baada ya sala gani, akaniamini.

Aliinua macho, akanikazia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi nyamaza. Kuna kisu kingine hapo kwenye ungo."

Nikakichukua kisu nikamenya, na yeye akawa ananitazama, muhogo hadi muhogo, mpaka akaridhika kwamba nimeamini.